Kinga ya milima: amortiseri ya mbele tu, ao na ya nyuma?

Mwenye kununua kinga ya milima anakutana na aina mbili: moja iko na amortiseri mbele tu, ingine mbele na nyuma. Juu ya mawe ya volkano kule Goma, hii ya pili inapunguza mitikisiko, mgongo unapumzika.

Lakini kwa anayetafutia watoto chakula na kinga, hesabu inabadilika. Ukifunga gunia, amortiseri ya nyuma inalemewa. Wakati wa kupanda, nguvu kidogo ya miguu inapotelea kwenye springi. Viungo vyake vinalegea, na vipande vya kubadilisha ni bei.

Ya mbele tu iko nyepesi, na fundi wa kwenye kartie anaiweza. Kwa mizigo, ndiyo ya kuchukua.