Je, Wajua? Sola Haipendi Joto

Je, wajua kwamba paneli ya sola hulipenda jua lakini hulichukia joto? Nguvu yake hupimwa ikiwa katika nyuzi joto 25. Kila nyuzi moja inayozidi hapo hupunguza umeme kwa takribani asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida kwenye nchi za joto, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake imeshapotea. Sasa fikiria Kata ya Ramadhani, Njombe Mjini, mwezi Juni: anga jeupe, jua linawaka, na watu bado wamevaa makoti. Baridi tunayoilalamikia kila mwaka ndiyo paneli inayoitaka.

Je, wajua kwamba kiangazi hichohicho ndicho hushusha maji ya mito? Mvua za Njombe zikikatika baada ya Aprili, mabwawa ya umeme hayaongezewi kitu ilhali jua halina wingu la kulizuia. Njia ya kusafirisha umeme nayo ipo: kutoka Makambako laini ya kilovolti 220 hupita Madaba hadi Songea.

Je, wajua kwamba kabichi hustawi chini ya paneli? Huko Kajiado, Kenya, paneli 180 ziliinuliwa mita kadhaa juu ya bustani. Katika majaribio ya mwanzo, kabichi za kivulini zilikua kubwa kwa theluthi moja kuliko zile zilizoachwa juani. Morogoro nako watafiti wamejaribu kilimo cha namna hii. Siri yake yeyote aliyelima ataielewa: kivuli hukawiza udongo kukauka, kwa hiyo unamwagilia mara chache. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye vioo huvunwa kama ya bati. Na kuna zawadi ya kurudi juu: majani yakitoa unyevu hupoza hewa, hewa ikapoza paneli, paneli ikazalisha vizuri zaidi. Wilaya inayolima kabichi na viazi kama yetu ya Njombe ingepaswa kuwa ya kwanza kulijaribu jambo hili.

Je, wajua kwamba kondoo hualikwa kwenye mashamba ya sola, lakini mbuzi hukataliwa? Kondoo hufyeka nyasi bila mafuta wala mashine. Mbuzi hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya.

Je, wajua kwamba TANESCO ilichagua Kishapu, Shinyanga, kwa mradi wa sola wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50? Huko ni nchi ya ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi. Mpango wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza 1986, ulisaidia kurudisha zaidi ya hekta 300,000 za ngitili, na pamoja na miti wakarudi ndege na wanyama. Wanaopanga mashamba ya sola wana walimu hapohapo wa kuitunza ardhi.

Je, wajua kwamba Rwamagana, Rwanda, kuna shamba la megawati 8.5, lenye paneli 28,360 zilizopangwa kwa umbo la ramani ya Afrika? Ardhi ni ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichoanzishwa kwa ajili ya yatima wa mauaji ya kimbari, na kodi ya kupangisha ardhi hiyo hukisaidia kijiji.

Je, wajua kwamba wadudu wa majini huidhani paneli kuwa ziwa? Hutaga mayai juu ya kioo, yakafa. Michoro midogo myeupe juu ya paneli huwapunguza sana wanaodanganyika.

Na je, wajua kwamba mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, huzaliana kwenye nyasi za Nyanda za Juu Kusini? Kiota chake hukijenga ardhini, ndani ya mashimo, mengine yakiwa yamechimbwa na muhanga. Kwa hiyo paneli ziende kwenye mashamba yaliyochoka, nyasi za asili ziachwe. Msimu wa kuzaa ukiisha, ndege huyu huruka hadi maeneo ya Ziwa Victoria. Mvua zikikaribia hurejea, akilitafuta shimo lake.