Fahamu: Tamarindo, mji wa pwani uliojaa wahamaji wa kidijitali

Tamarindo, pwani ya Pasifiki ya Costa Rica, umejaa Wamarekani hata ukabandikwa jina la utani "Tamagringo". Alfajiri wanateleza kwenye mawimbi. Mchana wanafanyia kazi kampuni za kwao.

Sheria ya 2021 iliwafungulia mlango: anayefanya kazi kwa mtandao na kuingiza dola 3,000 kwa mwezi huweza kupata kibali cha mwaka mmoja, na kukiongeza muda.

Karaha zipo. Anwani ni maelezo tu: mita 200 kusini mwa kanisa. Kiangazi, Desemba hadi Aprili, vumbi hutimka. Kodi za nyumba nazo zimepaa. Mhudumu wa mgahawa hujikuta akipanga bara, Villarreal au Santa Cruz.

Ila ufuo hauuzwi, hata kwa tajiri: mita 50 kutoka maji yanapofika yakijaa ni za umma.