Deki ya DVD Haigeuki Kuwa Blu-ray

Swali ni lile lile: kama deki ya DVD imeandikwa 1080p kwenye boksi na ina tundu la HDMI, ya nini kutoa fedha nyingi zaidi kwa Blu-ray? Muuzaji huwa amekwisha kulijibu. Chukua hii, husema, diski zako zote zitaonyesha HD kamili. Si kweli, wala haikuwa kweli siku deki hizo zilipoingia madukani, na watu wanaendelea kulipia kitu ambacho hakimo ndani ya boksi.

Tupige hesabu. DVD ya mfumo wa PAL huhifadhi picha ya pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha ya 1080p ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, mara tano kamili. Deki inapotoa 1080p kutoka kwenye DVD, basi, sehemu nne kati ya tano za pikseli hizo hazina asili kwenye diski. Chipu imezikisia kwa kutazama zilizo jirani. Makisio mazuri hulainisha kingo za maandishi na mistari ya mshazari, na hilo lina thamani yake. Lakini unywele ambao kamera iliunasa na diski haikuuhifadhi hauwezi kurudishwa na chipu yoyote. Blu-ray inatofautiana na DVD kuanzia kwenye mwanga wenyewe: leza yake ya nanomita 405 husoma alama ndogo kuliko leza nyekundu ya 650 ya DVD, ndiyo maana tabaka moja la diski hubeba gigabaiti 25 badala ya 4.7, na video huweza kupita kwa megabiti 40 kwa sekunde badala ya 9.8. Pengo hilo liko kwenye diski. Kulitafutia dawa kwenye deki ni kupoteza fedha.

"Mbona dukani nimeona kwa macho yangu?" Umeona kweli, ila sababu uliyopewa ndiyo ya uongo. Deki yako ya zamani iliungwa kwa waya wa njano, ambao huchanganya mwanga na rangi katika mkondo mmoja, na TV haiwezi kuvitenganisha tena vizuri. HDMI huvileta bila kuvichanganya, kwa tarakimu. Hapo ndipo picha ilipotakata, na ingetakata hata kama deki ingetoa 576 tu, kwa kuwa kila TV bapa hulazimika kuitanua picha mpaka ijaze kioo chake. Kazi unayotozwa kwenye deki TV yako inaifanya tayari. Tena dukani umewekewa diski halisi ya studio. Iweke pale ile ya filamu 20 kwa pamoja. Hata ikiwa ya tabaka mbili, gigabaiti zake 8.5 zikigawanywa kwa filamu 20 za dakika 90, kila sekunde inapata kama megabiti 0.63, picha na sauti pamoja, chini ya nusu ya kile VCD ya kawaida inachopata. Ukiitanua picha hiyo, unachotanua ni vijimraba vyake.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kudhani kila mwenye TV bapa lazima anunue Blu-ray. Nao wapime sebule zao kwanza. Jicho zima hutenganisha mistari iliyo mbalimbali kwa takriban dakika moja ya nyuzi, ambayo kwa umbali wa mita 3 ni milimita 0.87. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha sentimita 40 hivi, kwa hiyo aliyekaa mita 3 anaweza kutofautisha mistari 460 au karibu na hapo, pungufu ya ile 576 ambayo DVD ya PAL inayo tayari. Huyo pikseli za ziada atazilipia bila kuziona.

Basi, mwenye TV ya chogo anunue deki yoyote imara inayosoma VCD, PAL na NTSC. Mwenye inchi 32 atafute yenye HDMI, asiongeze hata senti kwa ajili ya maandishi ya 1080p. Mwenye kioo cha 1080p cha inchi 42 au zaidi, anayekaa kama mita 2 na kupata diski halisi, achukue Blu-ray. DVD zake itazisoma pia. Kwa DVD, ulizia deki isiyofungwa kanda: sisi tuko kanda ya 5, Muscat na London ni ya 2, na diski anayokuletea ndugu kutoka huko inaweza kukataliwa. Blu-ray imetuweka kanda B pamoja na miji hiyo miwili. HD DVD usiiguse hata kwa bei ya kutupa, maana Toshiba yenyewe iliachana nayo Februari 2008.