Soma Jina la Dawa kwa Vipande

Leo tunazungumza juu ya majina marefu ya dawa. Mama, chukua chupa au pakiti ya dawa iliyo nyumbani, tuisome pamoja.

Jina kubwa la mbele mara nyingi ni la biashara, lililochaguliwa na kampuni. Tafuta jina la herufi ndogo. Hilo ndilo la dawa yenyewe. Usiliogope. Paracetamol pia ni refu, lakini unalitamka kwa sababu umelizoea.

Likate vipande. Amoxicillin: a – moxi – cillin. Herufi x isome ks, na c ikifuatwa na i isome s. Utapata a-moksi-silini. Sasa jaribu refu zaidi: phenoxy – methyl – penicillin. Hapa ph isome f: fenoksi-methili-penisilini. Umeweza!

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kipande cha mwisho mara nyingi hutaja ukoo wa dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya majina haya mwaka 1953, ili dawa moja itambulike kwa jina moja katika nchi mbalimbali. Dawa zinazoishia na cillin ni za ukoo wa penisilini: ampicillin, cloxacillin, flucloxacillin.

Mtoto mwenye aleji ya penisilini anaweza kudhurika na yoyote kati ya hizo. Jina la biashara huenda lisikuonye: Augmentin, kwa mfano, ndani yake mna amoxicillin. Kwa hivyo kabla hujalipa kwenye duka la dawa, soma, kisha uulize: "Mtoto wangu ana aleji ya penisilini. Je, hii ni ya ukoo huo?" Ukishindwa kusoma, uliza vivyo hivyo. Si aibu.

Mtoto akitokwa na vipele vinavyowasha baada ya dawa, usimpe tena mpaka aonwe na daktari. Akivimba uso au midomo, au akipumua kwa shida, mkimbize hospitalini mara moja. Beba pakiti ya dawa. Aleji ikithibitishwa, omba jina la dawa liandikwe kwenye kijitabu chake cha kliniki.

Kumbukeni: kata, tamka, uliza. Kwaherini, hadi kipindi kijacho.