Kibaraza cha Castle: kwa nini kijana wa Utange avuke daraja?

Utange ukitaka kinywaji na stori huhitaji nauli ya mjini. Mangweni mnazi upo, na anayetaka muziki wa kupasua masikio anapanda matatu hadi Mtwapa. Ndiyo maana beshte zangu walinicheka niliposema Jumamosi navuka Daraja la Nyali kwenda kukaa kwenye hoteli ya tangu 1909. Mmoja akauliza kama nimepata mzungu.

Hoteli yenyewe ni Castle Royal, pale Moi Avenue, ukitoka Digo Road ukielekea zile pembe kubwa za alumini ambazo kila mgeni lazima apige nazo picha. Wazee wanaiita Castle tu. Hapo ni mgahawa, baa na vyumba vya kulala, lakini sifa yake ni kibaraza cha mbele kinachotazama barabara.

Ilipojengwa, Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road, na reli ya kwenda Kisumu ilikuwa imekamilika miaka minane tu nyuma. Mombasa ndiyo ilikuwa mlango: abiria anashuka melini, analala, kisha anapanda treni kwenda bara. Abiria huyo hakuwa babu yako wala wangu. Zama zile Mwafrika aliziingia hoteli za wazungu kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi au boi. Sheria ilimkataza kunywa pombe kali, na hata mnazi, kinywaji cha kwao, uliwekewa vibali.

Labda woga huo tumeurithi. Nilifika na vumbi la Utange kwenye viatu, nikasimama kidogo nikingoja kuulizwa namtafuta nani. Sikuulizwa. Nikaketi, nikaisoma menyu kuanzia kulia, kwenye bei. Soda ya hotelini si ya dukani kwa jirani, usijidanganye. Nikaagiza moja na chipsi, nikainywa polepole kama dawa.

Hapo ndipo nikaelewa kibaraza ni cha nini. Mji mzima unakupitia: hamali na mkokoteni, tuktuk zinazogombania abiria, mama wa buibui na mifuko ya Marikiti, mzee na dele lake la kahawa, makanga akiita kwa sauti iliyokauka. Pale mangweni tunatazamana wenyewe kwa wenyewe. Mall ya Nyali unatazama simu.

Na hapa ndipo nina neno na wenzangu. Starehe imehama kisiwani, imeenda Nyali, Bamburi na Mtwapa, na jioni mji wa zamani wa biashara unapoa mapema. Jumba la zaidi ya miaka mia halilindwi na rangi pekee. Linahitaji watu wa kukaa ndani, wakale, wakanywe, walipe. Wasipokuwepo, kesho ni duka la kava za simu chini na bango la "kunauzwa" juu. Tutakuja kupiga picha na kuandika tumesikitika.

Sisemi uende kila wiki, hali tunaijua. Mwisho wa mwezi, wawili wawili, alasiri jua likianza kulegea. Ondokeni kabla matatu za kurudi hazijaadimika, maana bodaboda ya usiku hadi Utange itazidi bili ya chakula.

Yule aliyenicheka jana ameniuliza soda ni ngapi.