Kodi Inaposhika Fedha Njiani

Mwezi Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma, Nairobi na Kampala, habari moja hufika kwenye makundi ya WhatsApp kabla waziri hajakaa: wameongeza kodi ya kutuma pesa. Ujumbe husambazwa, watu hukasirika, na kesho yake wachambuzi wa redio hubishana kama asilimia iliyotajwa ni kubwa au ndogo. Nafuatilia mifumo ya malipo kwa kazi, na ninaumia kila ninaposikia mjadala ukianzia kwenye asilimia. Asilimia ni jambo la pili. La kwanza ni kujua kodi imewekwa juu ya nini.

Fedha ya simu inaweza kutozwa kodi mahali patatu. Serikali inaweza kutoza ada ambayo kampuni ya simu inamtoza mteja. Inaweza kutoza fedha yenyewe inayotumwa. Au inaweza kusubiri pale kwa wakala na kutoza wakati wa kutoa. Kwa mwananchi yote matatu yanaonekana kuwa "makato", lakini athari zake hazikaribiani hata kidogo.

Chukua hesabu ya kubuni. Mtu anatuma 100,000 na kampuni inamtoza ada ya 1,000. Serikali ikitoza 15% ya ada, inapata 150. Ikitoza 1% ya fedha inayotumwa, inapata 1,000. Kwa hiyo ile kodi ya 1%, ambayo masikioni ni nyepesi, ni zaidi ya mara sita ya ile ya 15%. Imelingana na ada nzima ya kampuni. Mtumaji ambaye jana alilipa 1,000 kwa huduma hiyo, leo analipa 2,000 bila huduma yenyewe kubadilika chochote.

Kenya ilichagua njia ya kwanza. Ushuru wa bidhaa juu ya ada za kutuma fedha ulianza kwa 10% mwaka 2013, ukapanda hadi 12% mwaka 2018 kwa huduma za simu, kisha 15% mwaka 2023. Muswada wa fedha wa 2024 ulitaka kuufikisha 20%, lakini muswada huo ndio uliowaingiza vijana barabarani, na baada ya waandamanaji kuingia bungeni tarehe 25 Juni, Rais Ruto alikataa kuutia saini. Kupanda kote huko kulikuwa kwa kodi juu ya ada. Pamoja na manung'uniko, M-Pesa, huduma ya fedha za simu ya Safaricom, iliendelea kukua, kwa sababu ada inapokuwa ndogo, sehemu yake inayokwenda serikalini nayo ni ndogo.

Uganda iliingia njia ya pili. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kutoza 1% ya thamani ya fedha kwenye simu, na sheria ikataja kupokea, kulipa na kutoa. Mama aliyepokea fedha za matibabu kutoka kwa mwanawe aliguswa zilipoingia, akaguswa tena alipokwenda kuzitoa. Sambamba na hiyo ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Tarehe 11 Julai mbunge Robert Kyagulanyi, ambaye wengi wanamjua kama Bobi Wine, aliongoza maandamano Kampala. Benki Kuu ya Uganda yenyewe iliarifu kwamba miamala imeshuka. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilirekebisha sheria: 0.5%, na kwa kutoa tu.

Kuna kipande cha kisa cha Uganda ambacho husahaulika. Kodi ile ilihusu fedha za simu, haikuhusu benki wala mawakala wa benki. Mwenye duka la jumla anayezungusha mamilioni alihamishia biashara yake kwa wakala wa benki, na akawa salama. Mkulima asiye na akaunti hakuwa na pa kuhamia. Kodi inayoacha mlango mmoja wazi humwachia mwenye uwezo wa kuufikia mlango huo, na aliyebaki ndani ndiye anayeulipia.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya Fedha ya 2021 iliongeza kifungu kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na tarehe 15 Julai 2021 tozo ikaanza: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, kwa kutuma na kwa kutoa. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zitajenga vituo vya afya na madarasa, na ni kweli vilijengwa. Sitaki kupuuza hilo. Yeyote aliyewahi kumbeba mjamzito kwa pikipiki usiku kwenda kutafuta huduma anajua thamani ya kituo cha afya kilicho karibu.

Lakini fedha zilizotozwa hazikuwa faida wala kipato kipya. Nyingi zilikuwa fedha zilizo katikati ya safari baina ya ndugu: ada ya shule, dawa, mbolea, mchango wa msiba. Ndani ya siku chache Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza mawaziri wake wayaangalie malalamiko, na kuanzia Septemba tozo ikapunguzwa kwa 30%. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000, lakini wakati huohuo tozo ikapanuliwa hadi benki. Hapo sauti zikaongezeka, maana sasa walioguswa ni wafanyakazi waliouliza, kwa haki kabisa, kwa nini mshahara uliokwisha kukatwa kodi ukatwe tena unapohama kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Septemba ya mwaka huohuo wa 2022 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni kutangaza punguzo jingine na misamaha. Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, ikabaki ya kutoa.

Ghana ingeweza kujifunza kwetu, lakini haikusubiri. Muswada wake wa tozo ya kutuma fedha kwa njia ya kielektroniki ulisababisha wabunge kushikana mashati bungeni Desemba 2021. Tozo ya 1.5% ilianza Mei 2022, na lengo la makusanyo, lililokuwa karibu cedi bilioni 7 kwa mwaka, likashushwa katikati ya mwaka hadi milioni 611. Mwaka 2025 ikafutwa kabisa.

Kwa nini basi serikali zinarudi palepale? Sababu kubwa ni ya kiufundi, na wanasiasa huwa hawaisemi. Kumtoza kodi fundi seremala, mama lishe au mchuuzi wa samaki ni kazi ngumu: lazima umjue, ujue mauzo yake, umfuate, ubishane naye. Kwenye simu kazi hiyo yote imekwisha kufanywa na kampuni. Kila muamala unapita kwenye mfumo mmoja wa kompyuta wenye jina, namba, kiasi na saa. Kuongeza tozo ni kuongeza jedwali la viwango ndani ya mfumo huo. Mteja anapobonyeza kuthibitisha, mfumo unakata ada, unakata tozo, unaweka kila kimoja kwenye akaunti yake, na jumla inapelekwa kwa mamlaka ya mapato. Hakuna ofisa anayetoka ofisini. Hakuna anayekwepa, isipokuwa aache kutumia huduma.

Na watu huacha. Kosa la wanaopanga makadirio ni kuchukua idadi ya miamala ya mwaka jana, kuzidisha kwa kiwango kipya, kisha kuandika jumla hiyo kwenye bajeti, kana kwamba watu wataendelea kutuma vilevile. Hawaendelei. Aliyekuwa akituma mara nne kwa mwezi anakusanya na kutuma mara moja. Anayekwenda kijijini anabebeshwa bahasha. Dereva wa basi anakuwa benki tena, pamoja na hatari zote tulizodhani tumeachana nazo M-Pesa ilipoingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Wakala naye anaumia, kwa sababu hana mshahara: anaishi kwa kamisheni ya kuweka na kutoa, na floti yake inayolala ni mtaji usiozaa. Mawakala waliofunga meza zao hawaonekani kwenye hesabu za makusanyo ya tozo, ila wanaonekana kwa bibi ambaye sasa anatembea mbali zaidi kutoa fedha yake.

Nakaa zaidi kwenye tozo ya kutoa kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa ya kistaarabu kuliko zote. Hoja yake ni hii: nchi inataka watu walipane kwa simu, hivyo kutuma kuwe bure na noti ndizo zitozwe. Katikati ya Dar es Salaam hoja hiyo ina mantiki. Duka lina Lipa Namba, kituo cha mafuta kinayo, hata muuza matunda anayo. Fedha inaweza kuingia kwenye simu Jumatatu na kuisha Ijumaa bila kugeuka noti hata mara moja.

Sasa ipeleke kijijini. Mnunuzi wa mahindi analipa taslimu, mashine ya kusaga inalipwa taslimu, vibarua wa palizi wanalipwa taslimu jioni shambani. Hapo kutoa fedha si uchaguzi wala ushamba. Ndiyo njia pekee ya fedha hiyo kutumika. Ndiyo maana mtu anapoomba msaada nyumbani huongeza: tuma na ya kutolea. Tozo ya kutoa, kwa sura, analipa anayepokea. Kwa desturi zetu analipa anayetuma, kijana wa Kariakoo au mfanyakazi wa ndani Mikocheni, ambaye anaongeza makato ya mama yake juu ya fedha anayompelekea. Mahali pa kutumia fedha bila noti pakikosekana, tozo hiyo inakuwa kodi ya kuishi mbali na mji, na wanaoilipa ni wale wanaowatunza walio mbali.

Kuna jambo moja ambalo Tanzania ilifanya vizuri kuliko Kenya, nami nalisema kwa moyo wote. Ujumbe wa muamala ulitenganisha ada ya kampuni na tozo ya serikali. Mtu aliona kwa macho yake: hii ya kampuni, hii ya serikali. Ujumbe wa Kenya huonyesha gharama moja ya muamala, na ushuru wa bidhaa umo ndani yake. Wakenya wengi ninaozungumza nao wanadhani kiasi chote kinakwenda Safaricom. Hasira ya Watanzania ya 2021 ilikuwa na shabaha kwa sababu ujumbe uliwaonyesha pa kuielekeza, na viwango vikabadilika. Wapo washauri wa sera wanaosema kodi nzuri ni ile isiyosikika. Siwaafiki. Mlipakodi asiyejua kwamba analipa hawezi kuuliza zahanati iko wapi.

Jirani zetu wa Congo waliona upande mwingine wa hilo. Kuanzia Septemba 2020, wakazi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi walioweka salio waliona uniti zikikatwa kulipia rejista ya simu, ile RAM iliyodaiwa kupambana na simu bandia: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za intaneti ya kasi. Haikuwa tozo ya fedha, ilikuwa ya kifaa, lakini njia ni ileile: serikali inaingia mfukoni kwa mtu kupitia mtambo wa kampuni bila kubisha hodi. Wabunge waliuliza kwa ukali zilikokwenda fedha zile. Mwaka 2022 ikafutwa.

Kwa msomaji atakayesikiliza bajeti ijayo, nashauri aache hotuba ipite na asubiri kanuni. Nchini Tanzania viwango vya tozo viliwekwa kwenye kanuni za waziri, si ndani ya sheria yenyewe, ndiyo maana viliweza kubadilika upesi hivyo. Kwenye jedwali la kanuni angalia daraja za chini, kwa sababu tozo ya shilingi 50 inamgusa anayetoa 2,000 kwa uzito asioujua anayetoa laki moja. Kisha angalia misamaha. Ghana, pamoja na makosa yake yote, iliacha cedi 100 za kwanza za kila siku bila tozo, na msamaha huo ulimfuata mtu yeyote mwenye simu. Msamaha wa Tanzania wa Septemba 2022 ulihusu kutoa fedha isiyozidi 30,000, lakini kwenye ATM na kwa wakala wa benki. Anayetoa 30,000 hiyohiyo kwa wakala wa simu, chini ya mwavuli pale stendi, alipata punguzo. Msamaha hakupewa.