Dhamiri na Kuzaa Nje ya Ndoa: Msimamo wa Kanisa Katoliki

Jadi ya Wadigo wa Kwale ilihesabu nasaba upande wa mama. Kanisa Katoliki, ambalo waumini wake wa Diani na Msambweni wamo katika Jimbo Kuu la Mombasa, huanzia kwenye ndoa. Waraka *Donum Vitae* wa 1987 wafundisha kuwa mtoto ni zawadi, si haki ya mzazi. Mimba yake itungwe ndani ya ndoa.

Je, mwanamke aazimiaye kuzaa peke yake aweza kutegemea dhamiri? Hapa dhamiri itengwe na dhamira. Dhamira ni nia. Dhamiri ni hukumu ya ndani juu ya nia hiyo. Hukumu yenye yakini hufuatwa, lakini yaweza kukosea. Sharti ielimishwe kwanza.

Hata hivyo, uamuzi huo haufungi mlango: Desemba 2023 Vatikani ilihimiza kwamba kina mama wasioolewa, wakishaungama, wasizuiwe Komunyo.